Dozi ya Tatu Ng'ambo ya Mpaka

Nina hoja moja tu. Kwa muuguzi wa Busia au Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kumwandikia mgonjwa maelezo kamili ni sehemu ya tiba yenyewe, sawa na kumdunga sindano au kumfunga kidonda. Sisi wauguzi tumezoea kuyahesabu maandishi kama kazi ya ofisini, ya kumalizia foleni ikipungua. Mbali na mpaka huenda uzembe huo ukapita bila kuonekana, maana mgonjwa hurudi palepale na faili lake lipo. Hapa harudi palepale. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili; mtu hulima Uganda akauza sokoni Kenya, na mtoto akizidiwa usiku hukimbizwa kwenye kituo kilicho karibu, bendera ya nani haiulizwi.

Tazameni malaria, ambayo Tororo inaijua vizuri mno. Kabla ya unyunyiziaji wa dawa majumbani kuanza huko mwishoni mwa 2014, watafiti wa Nagongera, wilayani humo, walikadiria kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Nchi zote mbili hutibu malaria isiyo kali kwa artemetha na lumefantrini: dozi sita kwa siku tatu, ya pili ikifuata ya kwanza baada ya saa nane, kiasi kikipimwa kwa uzito. Sasa mtoto amemeza dozi mbili Tororo, asubuhi amevushwa kwa nyanya yake Busia ya Kenya, na homa bado ipo. Nesi anafungua daftari, lile la shule ambalo mgonjwa hujinunulia dukani, anakuta tarehe, neno "malaria" na "amepewa dawa". Dawa gani, uzito gani, saa ngapi, hakuna. Anapima kwa kipimo cha haraka, kinasoma chanya. Tatizo ni kwamba vipimo vingi vya aina hiyo hunasa protini ya kimelea inayoweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Chanya hiyo yaweza kuwa malaria inayoendelea kutibiwa, au dawa iliyoshindwa, au mabaki ya malaria ya mwezi uliopita huku homa ya leo ikitoka kwenye nimonia. Mstari mmoja wa kalamu ya Tororo ungemsaidia kuamua kama ampe dozi ya tatu au atafute kisa kingine.

Wapo wanaopinga hata kumhudumia mgonjwa wa ng'ambo, wakiuliza kwa nini dawa zilizonunuliwa kwa kodi ya nchi moja zitumiwe na raia wa nyingine. Si swali la kijinga. Dawa huisha kweli, na anayelaumiwa dirishani ni nesi. Lakini muuguzi si ofisa wa uhamiaji. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na imesema mtu, haikusema raia. Isitoshe, deni hili lina pande mbili: mwaka 2017, madaktari na kisha wauguzi wa Kenya walipogoma kwa miezi, wagonjwa wa Busia walivuka kutafuta tiba Uganda.

Pingamizi zito zaidi ni la siri. Daftari husomwa na mume, na mama mkwe, na yeyote aliyelibeba. Kuandika humo kwamba mtu anatumia dawa za virusi vya UKIMWI kwaweza kumvunjia nyumba. Nakubali. Nchi zote mbili zilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na maadili yetu yalidai hivyo zamani. Ila kunyamaza nako kuna madhara. Rifampisini inayotibu kifua kikuu hupunguza dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, mwilini, kwa hiyo mtu mzima anayezitumia pamoja huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Anayeanzishiwa tiba ya kifua kikuu upande mmoja, bila kujulikana anameza nini upande wa pili, anaweza kuharibikiwa na tiba ya virusi vya UKIMWI. Siri ni mali ya mgonjwa, muuguzi ni mtunzaji tu. Basi aelezwe faraghani hatari iliyopo, achague mwenyewe, na akikubali apewe barua iliyofungwa, si daftari.

Kuhusu wingi wa kazi sibishani. Jina la dawa, kiasi, uzito, saa na dalili za kuangaliwa huchukua kama dakika moja, na dakika hizo mbele ya foleni ndefu ni nyingi. Kila nchi ina baraza lake la wauguzi na leseni yake, na sioni kinachoyazuia mabaraza hayo kukubaliana fomu moja ya rufaa, iliyochapishwa tayari, ya kujazwa nafasi tano. Hadi fomu hiyo ipatikane, nesi aliyeachwa peke yake zamu ya usiku na wodi nzima nisingemwadhibu kwa mstari aliousahau. Ningeanza na aliyepanga zamu.