SWALI LAKO SI KUFURU

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya sala ya tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.



Usiku huu nataka kuanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha darsa ya vijana katika mwezi kama huu. Nilieleza nguzo za saumu na yanayoibatilisha, kisha nikauliza kama kuna mwenye swali. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. Akasema, "Maalim, mimi ni Muislamu kwa sababu baba yangu ni Muislamu. Jirani yetu ni Mkristo kwa sababu baba yake ni Mkristo. Sasa mimi mwenyewe nitajuaje kwamba Mungu yupo, na ananitakia nini?"

Msikiti ukanyamaza. Nami nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Astaghfirullah! Hayo ni maneno ya shetani. Kaa chini!" Akakaa. Wenzake wakacheka. Usiku wa pili hakuja. Wa tatu hakuja. Ramadhan ikaisha, na hata kwenye sala ya Idi sikumuona.

Hebu tuulizane. Kijana yule alikuwa amekosa nini?

Fungua Suratul Baqara, aya ya 260. Nabii Ibrahim (A.S.), kipenzi cha Mwenyezi Mungu, alimuomba Mola wake amuonyeshe vipi anavyohuisha wafu. Akaulizwa kama haamini. Akajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Je, alifukuzwa? La! Aliambiwa achukue ndege wanne, akaonyeshwa. Ikiwa Nabii mzima aliomba moyo wake utulie, wewe wa kidato cha tatu utaona haya ya nini?

Na masahaba je? Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba baadhi yao walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia kuwa nafsini mwao hupitiwa na mambo mazito, hata wanaogopa kuyatamka. Mtume hakuwakemea. Aliwaambia kwamba kule kuona uzito wake ndiyo imani yenyewe. Manake, mwenye moyo uliokufa hasumbuliwi na kitu. Ukiona swali linakukosesha usingizi, jua moyo wako ungali hai.

Lakini tahadhari, vijana. Kuna anayeuliza ili ajue, na kuna anayeuliza ili ashinde. Wa kwanza akipata jibu hulifuata hata likimgharimu. Wa pili akijibiwa hutafuta swali jingine. Jichunguze, wewe ni yupi?

Mwangalie Salman Al-Farsi (R.A.). Alizaliwa Uajemi, upande wa Isfahan. Baba yake alikuwa mkubwa wa kijiji, na Salman alipewa kazi ya kulinda moto waliokuwa wakiuabudu usizimike. Alikuwa na dini ya baba, mali ya baba na heshima ya baba. Siku moja akapita penye kanisa, akasikia watu wakisali, moyo wake ukaguswa. Baba alipojua alimfunga minyororo miguuni. Salman akatoroka mpaka Sham. Akamtumikia mcha Mungu mmoja baada ya mwingine, akahamia Mosul, kisha Nisibin, kisha Amuria. Kila mwalimu alipokaribia kufa, Salman alimuuliza, "Sasa niende kwa nani?" Wa mwisho akamwambia kwamba zama za Mtume mpya zimekaribia, na atatokea katika nchi ya Waarabu. Akampa alama tatu: hali sadaka, hupokea zawadi, na baina ya mabega yake pana muhuri wa utume.

Njiani wasafiri aliowalipa wampeleke walimgeuka wakamuuza utumwani. Akafika Madina akiwa mtumwa shambani. Mtume alipohamia Madina, Salman alimpelekea chakula akasema ni sadaka. Mtume hakula, akawapa masahaba. Akarudi tena na chakula, safari hii akasema ni zawadi. Mtume akala. Kisha akauona muhuri, akalia.

Umeona? Salman hakusilimu kwa kuzaliwa, wala kwa kuambiwa kaa chini. Aliuliza, akatembea, akahakikisha. Na bwana huyuhuyu, katika mwaka wa 5 Hijria, ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki, na Madina ikahifadhika.

Pengine wewe huna shaka kwamba Mungu yupo. Swali lako ni jingine: naishi kwa ajili ya nini? Basi msikilize Imam Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad, darasani kwake wanafunzi wamejaa. Akajiuliza kwa nini anasomesha. Akaona anatafuta cheo na sifa. Jambo hilo lilimwelemea hata ulimi ukawa mzito, akashindwa kusomesha wala chakula hakikupita. Akaacha yote, akaenda Sham, akakaa faragha na Mola wake. Alikuwa na elimu tele, lakini elimu ya kichwani haikumtosha mpaka iteremke moyoni.

Suratudh Dhariyat, aya ya 56, inatuambia kwamba majini na watu hawakuumbwa ila wamuabudu Mwenyezi Mungu. Lakini ibada si msala peke yake. Unaposoma kwa bidii, unapouza dukani bila kupunja mizani, unapomchotea mama maji kwa nia njema, hayo yote yanaingia.

Basi mwezi huu fanya mambo matatu. Kwanza, liandike swali lako kwenye karatasi, kwa ukweli. Pili, soma Qur'ani kwa maana. Iko tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kurasa mbili tu baada ya daku, hutashindwa. Tatu, amka usiku, sujudu, umuulize Mwenyewe. Sema kwa Kiswahili chako, anakifahamu. Na ukipata mwanachuoni mwenye subira, mwendee.

Na nyinyi wazazi, mtoto akiwauliza swali zito msikimbilie kofi. Kama hamjui, semeni, "Sijui mwanangu, twende tukaulize." Mtoto hapotei kwa sababu baba alisema sijui. Hupotea anapoona nyumbani hakuna wa kumuuliza, akaenda kuuliza barabarani.

Yule kijana nilikutana naye baadaye kituo cha matatu. Nilimwomba msamaha. Akaniangalia, akasema, "Maalim, mimi sikutaka kubishana. Nilitaka nikisujudu, nijue namsujudia nani." Wallahi, machozi yalinitoka mbele za watu. Tulikaa barazani mpaka magharibi. Sikummalizia maswali yake yote, wala hakuniahidi kitu. Lakini adhana ilipolia aliinuka, akaniuliza maji ya udhu yako wapi.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki, utupe nguvu ya kuifuata. Usiwafungie mlango wako wanaokutafuta, na usitujaalie sisi kuwa ndio tunaowafungia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.