Mashauri Mawili ya Mwaka 2009: Ruyigi na Kahama

Jioni hii twataka kuwasimulia habari ya mashauri mawili ya mauaji yaliyokatwa katika mwaka 2009, shauri moja katika mji wa Ruyigi nchini Burundi, na la pili Kahama katika Tanzania. Mtu aijuaye nchi ya Ngara na Biharamulo ataona mara moja kwa nini tumeyaweka pamoja. Wilaya hizi mbili ziko katikati ya korti zile mbili. Ukitoka Ngara ukashika upande wa kusini, ukiuandama mpaka, ng'ambo ya pili ndiko iliko Ruyigi. Na ukitoka Ngara kwa njia kuu ya magari utafika Nyakanazi katika Biharamulo, kisha Runzewe na Ushirombo katika Bukombe, na mbele yake Kahama. Ndiyo njia ipitayo malori ya mizigo yaendayo Rwanda na Burundi, nayo hupitwa na watu wema wengi kila siku, wachuuzi wa ndizi na maharagwe, wanafunzi, na wagonjwa waendao kutafuta dawa. Lakini katika miaka ile nchi hii ilizungukwa na biashara nyingine, iliyovuka mpaka kwa siri, na bidhaa yake ilikuwa viungo vya wanadamu.

Waliouawa walikuwa watu wenye ualbino. Zamani watu waliwaita mazeruzeru, na wengine huwaita hivyo hata leo. Walakini wenyewe neno hilo hawalipendi, nasi hatutalitaja tena. Mtu huzaliwa katika hali hiyo kwa kuwa amerithi upungufu mmoja kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili pamoja. Wazazi wenyewe waweza kuwa weusi kama jirani zao, wasijue kabisa kwamba wamebeba urithi huo. Na wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo mume amfukuzaye mkewe kwa ajili ya mtoto kama huyo, akisema si wangu, amfukuza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelichangia nusu. Ngozi ya mtoto huyu haina ile rangi iikingayo na jua, ndiyo sababu wengi wao hupatwa na saratani ya ngozi mapema, na macho yao hayaoni vizuri. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika 1,400 huzaliwa hivyo. Katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni mmoja katika 17,000 au 20,000. Kwetu, basi, si ajabu wala si mgeni. Karibu kila mmoja wetu amepata kukaa darasani, au kanisani, au sokoni pamoja na mtu wa namna hii.

Hata hivyo palikuwa na usemi uliosikika katika vijiji vingi, kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka. Tuutazame usemi huo kidogo, maana kwa maoni yetu ndio uliofungua mlango. Mtu asemaye hivyo aweza kudhani kuwa anasimulia hadithi tu ya kuwafurahisha watoto. Lakini asiyekufa hawezi kuuawa. Na asiyeweza kuuawa, nani atashtakiwa kwa damu yake? Jamaa za watu hawa walijua sana kuwa wanakufa, kwa kuwa waliwazika. Katika miaka ile palikuwa na wazazi waliolazimika kulimwagia zege kaburi la mtoto wao, wezi wasije usiku wakalifukua.

Juu ya usemi ule wa zamani likajengwa jambo jipya. Wapiga ramli walianza kuwaambia watafutaji wa dhahabu, na wavuvi wa Ziwa, na wafanya biashara, kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kikichanganywa na dawa huleta mali. Mauaji yakaanza kujulikana sana kuanzia mwaka 2007, na kufika mwisho wa mwaka 2009 waliouawa katika Tanzania walikuwa wamepita 50, wengi wao katika mikoa ya Ziwa. Jumuiya ya Msalaba Mwekundu ilieleza katika mwaka huo 2009 kwamba viungo vyote vya mtu mmoja vilitajwa kuwa na bei ya dola 75,000 za Kimarekani. Twaomba msikilizaji aipime bei hiyo. Mkulima wa Rulenge au wa Nyakahura, auze ng'ombe wake wote na shamba lake la kahawa juu yake, hawezi kuifikia. Mwuaji aliyeingia nyumbani usiku na panga mkononi aweza kuwa maskini. Bali yule aliyemtuma hakuwa maskini.

Serikali haikukaa kimya. Mnamo Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na katika Machi watu wa mikoa iliyopatwa na msiba waliitwa kupiga kura ya siri, kila mtu aandike jina la yule anayemdhania. Kura ile ilisifiwa na wengi, nasi twaona sababu yake, maana yule aliyeogopa kusema hadharani aliweza kuandika. Lakini kijijini zipo ugomvi za mipaka ya mashamba, za mahari, na za mifugo, na jina laweza kuandikwa kwa chuki. Tena karatasi isiyo na sahihi haiwezi kuapishwa wala kuulizwa maswali. Korti yataka shahidi aliyeona, au kitu kilichoshikwa.

Sasa twende Ruyigi. Mauaji yalivuka mpaka na kuanza kusikika Burundi katika mwaka 2008. Mwendesha mashtaka wa Ruyigi, Bwana Nicodème Gahimbare, alifanya jambo ambalo halimo katika kazi za kawaida za cheo chake. Watu wenye ualbino walipokimbia vijijini, aliwapokea katika nyumba na ua wake mwenyewe, watu wazima na watoto, wakalala humo chini ya ulinzi. Basi mtu yule yule aliyewalisha na kuwahifadhi asubuhi, ndiye aliyekwenda kortini kuwashtaki waliotuhumiwa kuwaua ndugu zao. Washtakiwa walikuwa 11. Upande wa mashtaka ulieleza kuwa viungo vilichukuliwa vikauzwa ng'ambo, yaani Tanzania.

Ikumbukwe kwamba katika Aprili 2009, miezi michache kabla ya hukumu, Burundi ilikuwa imeiondoa adhabu ya kifo katika sheria zake. Kwa hiyo hukumu ilipotolewa tarehe 23 Julai 2009, mmoja alipewa kifungo cha maisha, na wengine wanane vifungo vya gerezani, tofauti kwa kadiri ya makosa yao. Kizimbani walisimama watu wa upande wa kuuza. Upande wa kununua ulitajwa katika maneno, ukabaki ng'ambo ya mpaka.

Shauri la Kahama lilihusu mtoto wa kiume wa miaka 13 au 14, wa wilaya ya Bukombe, ambayo imepakana na Biharamulo, na ambayo wakati ule ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Mtoto huyo aliuawa katika Desemba 2008, akakatwa miguu. Wanaume watatu walikamatwa. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika ushahidi ni kwamba mmoja wao alikutwa na kiungo cha mtoto. Kitu hicho kilikuwa na uzito kuliko kura elfu za siri, kwa maana hakikuhitaji mtu wa kumdhania mwenziwe.

Kwa wale ambao hawajapata kuliona shauri la kuua likisikizwa, twaeleza kwa ufupi. Shauri la namna hii halisikizwi na hakimu wa wilaya, bali na Jaji wa Mahakama Kuu, ambaye husafiri akaketi mahali panapofaa. Kwa sheria ya wakati ule aliketi pamoja na wazee wa baraza, watu wa kawaida waliochaguliwa wasikilize ushahidi wote, kisha kila mmoja atoe maoni yake. Ijapokuwa Jaji hakufungwa na maoni hayo. Mshtakiwa asiyeweza kumlipa wakili hupewa mmoja kwa gharama ya Serikali. Watu wengine huona uchungu kwamba aliyeshtakiwa kwa uovu mkubwa namna hii atetewe kwa fedha ya umma. Walakini hukumu isiyopata kujibiwa ina shaka ndani yake siku zote, na mashauri haya yalihitaji zaidi kuliko mengine yote kuwa hayana shaka, maana yalianza katika nchi ya minong'ono.

Tarehe 23 Septemba 2009 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wale watatu, ikawahukumu kunyongwa. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya kuua mtu mwenye ualbino katika Tanzania tangu mauaji haya yalipoanza kuenea. Katika Novemba ya mwaka ule ule watu wanne walihukumiwa kifo katika shauri jingine mkoani Shinyanga. Sheria ya Tanzania haimpi Jaji nafasi ya kuchagua adhabu ikiwa kosa la kuua kwa kukusudia limethibitika. Ni kifo peke yake. Lakini mhukumiwa ana haki ya kwenda mbele ya Mahakama ya Rufani, na tangu miaka ya 1990 adhabu hiyo haijatekelezwa juu ya mtu yeyote nchini.

Mashauri mawili yakakatwa, na mauaji yalikuwa yamepita 50. Kwa nini mengine hayakwenda upesi? Mauaji yalifanyika usiku, katika nyumba zisizo na taa, na mara nyingi mbele ya mama na watoto tu. Aliyeshuhudia alibaki kijijini pamoja na ndugu za mshtakiwa, akateka maji kisima kimoja nao. Na jambo gumu kuliko yote, katika mashauri kadhaa mtuhumiwa alikuwa wa ukoo wa marehemu, mjomba, au baba wa kambo, au hata mzazi. Mgeni hawezi kujua mtoto analala chumba kipi. Mtu wa nyumbani ndiye ajuaye. Na mtu wa nyumbani akishtakiwa, ukoo wote hugawanyika, wengine wakitaka haki ya marehemu, na wengine wakitaka jambo limalizwe kimya.

Lipo shauri moja la Mwanza ambalo laonyesha jinsi ilivyo vigumu kumfikia mnunuzi. Katika Agosti 2010 polisi walimkamata kijana mmoja raia wa Kenya aliyemleta Mwanza mwenziwe mwenye ualbino, akiwa amemdanganya kuwa amempatia kazi. Nia yake ilikuwa kumwuza akiwa hai. Askari walijifanya wafanya biashara wenye fedha, wakapatana naye bei, kisha wakamkamata. Alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miaka 17 pamoja na faini ya shilingi milioni 80. Yule aliyekusudiwa kuuzwa aliokoka. Kazi ya askari wale twaisifu bila kusita. Lakini tazameni, wasikilizaji wetu, mnunuzi aliyeonekana pale alikuwa askari. Kama kijana yule alikuwa na mnunuzi wa kweli aliyemtazamia kabla ya hapo, huyo hakuonekana.

Ndipo twaona kasoro ya mashauri yote haya. Aliyekata alionekana, na aliyebeba alionekana, naye aliyetoa fedha alikuwa mbali, mjini, na katikati yao alikaa mpiga ramli aliyewajua wote wawili. Mnyororo huo ulikatwa upande wa chini. Na mpiga ramli naye ni vigumu kumshika, kwa kuwa hutumia maneno tu, na baada ya kunena huweza kusema kwamba alikusudia mnyama au mti.

Msidhani kuwa habari hii imekwisha kuwa ya zamani. Mwishoni mwa Mei 2024, katika wilaya ya Muleba ambayo ni jirani wa Biharamulo, mtoto wa kike aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwili wake ulipatikana katika Juni, viungo vimekatwa. Watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba, na baba wa mtoto alikuwa mmoja wa walioshtakiwa, pamoja na kasisi. Kuwa na hatia au kutokuwa nayo ni kazi ya mahakama, si yetu. Twataja tu kwamba tangu hukumu ya Kahama ilikuwa imepita miaka karibu 15, na majirani wa Biharamulo wakawa wanatafuta mtoto vichakani.

Tarehe 5 Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa uamuzi katika shauri lililoletwa na vyama vya kutetea haki dhidi ya Serikali ya Tanzania. Mahakama iliona kwamba Serikali ilikuwa haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watu wenye ualbino, na kwamba haki yao ya kuishi ilivunjwa. Shauri hilo halikuwa la kumtafuta mwuaji fulani. Lilikuwa la kuuliza nani alipaswa kukaa macho wakati mlango ulipovunjwa usiku, huko Bukombe na penginepo.