Shahada ya Saikolojia na Mizani ya Deni



Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Neno hilo lafaa likumbukwe zama hizi, ambapo vijana wengi wa Kiislamu, wake kwa waume, watamani kusoma saikolojia, yaani elimu ya nafsi ya binadamu na mwenendo wake. Tamaa hiyo ni njema, wala si ngeni katika Uislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akaeleza jinsi ya kutuliza hasira, hofu na huzuni. Basi faida ya elimu hii haina shaka. Swali lililo mbele ya wazazi ni jingine: je, mapato ya mwenye shahada yataweza kubeba deni lililomfikisha kwenye shahada hiyo?

Jawabu lataka hesabu. Na ichukuliwe hesabu ya England, kwa kuwa jamaa wengi waliotoka Afrika ya Mashariki wamekaa huko, na vijana wa huku hupenda kuwafuata. Mwaka 2012 ukomo wa ada za vyuo vikuu ulipandishwa ukawa pauni 9,000 kwa mwaka. Katika mwaka wa masomo ulioanza 2025 ukafika pauni 9,535. Miaka mitatu kwa kiwango hicho ni pauni 28,605, mbali na chakula na malazi.

Kijana aliye mkazi halali wa huko aweza kukopeshwa na serikali. Kwa walioanza masomo tangu Agosti 2023, kanuni iliwekwa hivi: anayepata mshahara usiozidi pauni 25,000 kwa mwaka halipi kitu, anayezidi hapo hutoa 9 katika kila 100 ya ile ziada tu, na baada ya miaka 40 deni lililosalia hufutwa. Mathalan, mwenye mshahara wa pauni 30,000 hulipa pauni 450 kwa mwaka, na mwenye pauni 45,000 hulipa pauni 1,800. Hapana mtu wa kuja kumfungia mlango wala kumchukulia kitanda chake.

Walakini deni lenyewe halilali. Huongezwa kila mwaka kwa kadiri bei za vitu zinavyopanda. Nyongeza ikiwa 3 kwa 100, deni la pauni 28,605 huzaa pauni 858 kwa mwaka. Yule alipaye 450 atakuwa amelipa, na deni lake litakuwa limekua. Hivyo mwenye mshahara mdogo aweza kukatwa fedha miaka mingi pasipo kulimaliza.

Hapo ndipo saikolojia itakapo uangalifu kuliko udaktari au uuguzi. Muuguzi akimaliza shahada yake na kuandikishwa, ana kazi mkononi. Mwenye shahada ya kwanza ya saikolojia hajawa bado mwanasaikolojia wa kutibu wagonjwa. Huko Uingereza, tangu mwaka 2009, jina hilo la kazi limelindwa kwa sheria, na hulipata aliyesoma zaidi na kuandikishwa. Wengi huishia katika kazi za ofisi, za ustawi wa jamii, au za usaidizi hospitalini, ambazo mshahara wake wa mwanzo hauko mbali na ule ukomo wa pauni 25,000.

Mwenye subira ana njia. Mafunzo ya udaktari katika saikolojia ya tiba huchukua miaka mitatu huko England, na kwa kawaida Huduma ya Taifa ya Afya humlipia mwanafunzi ada na kumpa mshahara. Lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi mara kadhaa, na kabla ya kukubaliwa hutakiwa uzoefu wa kazi. Basi apimaye faida ya saikolojia aipime njia nzima, wala asiitazame ile miaka mitatu ya mwanzo peke yake.

Kwa Waislamu kuna jambo zito zaidi. Ile nyongeza juu ya deni, je, si riba? Wako wanavyuoni wanaosema ni riba, na wako waonao kwamba malipo yanayofuata mshahara yanafanana na kodi. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mpango usio na riba wawezekana, na sheria ya mwaka 2017 ikatoa ruhusa ya kuuanzisha. Hata hivyo, hadi mwisho wa mwaka 2024 mpango huo ulikuwa haujafunguliwa. Katika muda huo wako vijana walioacha chuo kwa ajili ya dini yao, na wako walioingia na dhamiri isiyotulia.

Na jamaa walio huku je? Mkopo ule si wa kijana aendaye kwa viza ya mwanafunzi. Yeye hutozwa ada kubwa kuliko mwenyeji, na mafunzo yale yenye mshahara kwa kawaida hayampokei. Baba akiuza shamba au akikopa kwa jamaa, deni hilo halingoji mshahara ufike pauni 25,000, wala halifutwi baada ya miaka 40. Laangukia mama, na wadogo waliobaki shuleni.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, familia ikae pamoja na kuuliza mambo manne: ni kazi gani itakayofuata, ni miaka mingapi kuifikia, nani atakayebeba deni, na deni hilo ni la namna gani. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandika deni. Basi majibu na yaandikwe. Kijana anayepata majibu manne yaliyo wazi asizuiwe, maana wagonjwa wa nafsi ni wengi na waganga wao ni wachache. Asiyeyapata afadhali angoje mwaka mmoja, kuliko kuwalipisha wazee wake matanga ya harusi waliyoifurahia siku moja.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.