Fedha za Elimu Maalum katika Wilaya za Shule za Texas: Zinatoka Wapi na Zinahesabiwaje



Wazazi wetu wengi, hasa waliofika Texas kutoka Kongo baada ya miaka ya kambini Tanzania, Burundi au Uganda, huambiwa shuleni kwamba huduma fulani haiwezekani. Hushukuru, husimama, huondoka. Hudhani walikwenda kuomba hisani. Mada hii imeandikwa kwa ajili yao, na hoja yake ni moja: namna serikali inavyohesabu fedha za elimu maalum huathiri sana ni mtoto yupi atatambuliwa kuwa na ulemavu na ni huduma ipi ataandikiwa. Mzazi anayeielewa hesabu hiyo hugundua mapema pale mwanawe anapopimwa kwa kalamu ya mhasibu badala ya mahitaji yake.

Msingi wa yote ni sheria ya shirikisho ambayo leo huitwa IDEA. Rais Gerald Ford aliitia saini Novemba 29, 1975. Inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayomfaa, kwa mpango wake binafsi ambao shuleni mnausikia ukiitwa IEP. Bunge liliweka pia kiwango cha mchango wa serikali kuu: hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini, kwa kila mtoto mwenye ulemavu. Kiwango hicho hakijafikiwa hata mwaka mmoja, na kwa miaka mingi mchango haujafika nusu yake. Pengo hilo huzibwa na jimbo na wilaya yenyewe, na sehemu kubwa ya fedha za wilaya hutokana na kodi ya majengo na ardhi, ambayo hata mpangaji huilipa ndani ya kodi yake ya nyumba.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Tangu marekebisho ya 1997, fedha za serikali kuu zinazozidi kiwango cha msingi cha zamani hugawanywa kwa kutazama idadi ya watoto wote (asilimia 85) na watoto walio katika umaskini (asilimia 15). Idadi ya watoto wenye ulemavu haimo katika hesabu hiyo. Kusudi lilikuwa jema: kuzuia shule zisiwabandike watoto jina la ulemavu ili zipate ruzuku. Lakini matokeo yake ni kwamba wilaya inayofanya bidii kuwatafuta na kuwapima watoto haiongezewi ruzuku hiyo kwa sababu ya bidii yake, ilhali gharama ya kila mtoto mpya inabaki juu yake.

Je, wilaya inaweza kusema haina fedha? Mahakama zimejibu zaidi ya mara moja. Mwaka 1972, katika kesi ya Mills huko Washington, jaji aliamua kwamba fedha zikipungua, upungufu huo hauwezi kubebwa na watoto wenye ulemavu peke yao. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya kijana wa Cedar Rapids, Iowa, aliyepooza na kupumua kwa mashine. Wilaya ilidai kwamba kumweka mtu wa kumhudumia siku nzima ni ghali mno. Majaji saba kati ya tisa waliiamuru wilaya itoe huduma hiyo, kwa sababu bila hiyo kijana asingeweza kukaa darasani. Mnapoketi kwenye kikao cha ARD, ambacho hapa Texas ndicho kinachoamua huduma za mtoto, kumbukeni kwamba neno "ghali" peke yake si jibu la kisheria.

Sasa nikae kidogo kwenye historia ya jimbo letu, maana ndiyo inayoeleza vizuri zaidi ninachosema.

Mwaka 2004 Wakala wa Elimu wa Texas uliweka kiashiria katika mfumo wake wa kufuatilia wilaya: wanafunzi wa elimu maalum wasizidi asilimia 8.5 ya wanafunzi wote. Wakati huo jimbo lilikuwa na karibu asilimia 12. Wilaya iliyovuka kiwango ilipata alama mbaya, na ingeweza kutakiwa kuandika mpango wa kujirekebisha. Hakuna sheria iliyoamuru mtoto yeyote anyimwe huduma. Ilitosha kuweka namba, na kila mkuu wa idara akajua anachotarajiwa kufanya. Asilimia ilishuka mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2015 jimbo lilikuwa kwenye 8.5 kamili, chini kuliko jimbo lingine lolote nchini, wakati wastani wa Marekani ulikuwa kama asilimia 13.

Mwaka 2016 gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hili katika mfululizo wa makala. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapiga marufuku kikomo hicho, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ikahitimisha kwamba Texas ilivunja sheria. Ripoti yake ilieleza jinsi upimaji ulivyocheleweshwa: mtoto huwekwa kwenye masomo ya ziada, muhula unapita, kisha mwaka, na karatasi ya kupimwa haijasainiwa. Baada ya kikomo kuondolewa idadi ilipanda, na leo wanafunzi wa elimu maalum Texas ni zaidi ya 700,000. Ulemavu haukuzuka ghafla. Watoto hawa walikuwapo tangu mwanzo.

Kwa watoto wetu ucheleweshaji huo una sura yake. Nimekalimani katika vikao ambako mzazi aliambiwa, "Tumsubiri kwanza ajue Kiingereza." Sheria inasema kutokujua Kiingereza kusiwe sababu ya kumwita mtoto mlemavu, na hiyo ni kinga muhimu sana. Lakini haisemi mtoto asipimwe mpaka ajue Kiingereza. Apimwe kwa lugha anayoielewa, na mzazi apewe mkalimani bila kulipa chochote.

Tuje kwenye vitabu vya hesabu. Sheria ya shirikisho inaibana wilaya kwa kanuni mbili kubwa. Kwanza, mtoto mwenye ulemavu ni mwanafunzi kama wengine: wilaya imgharamie kwanza kiwango kile kile inachomgharamia mwanafunzi yeyote, ndipo ruzuku ya shirikisho ilipie kinachozidi. Pili, wilaya haiwezi kutumia fedha zake kwa elimu maalum pungufu ya ilivyotumia mwaka uliotangulia, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama watoto kupungua au mwalimu wa mshahara mkubwa kustaafu. Ikipunguza bila sababu, hulipa upungufu huo kutoka mfuko usio wa shirikisho.

Jimbo nalo lina sharti la namna hiyo, na Texas ililivunja. Kwa mwaka wa fedha 2012 lilipunguza fedha zake za elimu maalum kwa dola milioni 33.3. Likajitetea kwamba fomula yake hufuata mahitaji ya watoto, na mahitaji yalikuwa yameshuka. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliukataa utetezi huo. Tazameni mambo haya mawili pamoja: miaka ile ile ambayo watoto walikuwa wakizuiwa mlangoni, idadi ndogo iligeuzwa kuwa ushahidi kwamba hawahitaji fedha.

Fomula ya Texas kwa miongo mingi ilitoa fedha kulingana na mahali mtoto alipokaa. Aliyesoma ndani ya darasa la kawaida alikuwa na uzani (namba ya kuzidishia fedha zake) wa 1.1, kisha 1.15 tangu 2019; aliyetolewa kwenda darasa la pembeni 3.0, ukizidishwa kwa saa alizokuwa huko. Mtoto mwenye usonji anayeweza kusoma na wenzake akiwa na msaidizi kando yake angeweza kugharimu sana bila kuleta fedha za kutosha. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inabadilisha msingi huo ili fedha zifuate ukubwa wa huduma, na inalipa dola 1,000 kwa kila upimaji wa kwanza. Naiunga mkono kwa moyo wote, hasa hiyo dola 1,000, kwa kuwa inagusa pale pale ucheleweshaji ulipoanzia.

Kuhusu bima ya Medicaid nitasema machache. Wilaya hudai kupitia mpango uitwao SHARS fedha za tiba ya usemi, uuguzi na huduma nyingine zilizoandikwa katika IEP. Ni lazima mzazi aridhie kwa maandishi kabla ya bima ya mtoto kutumika. Akikataa, huduma haikatwi.

Mnaweza kuyasoma mahesabu haya wenyewe. Katika bajeti ya wilaya yoyote ya Texas, tafuteni msimbo wa programu namba 23: hizo ndizo fedha za wanafunzi wenye ulemavu. Mfuko 199 ni mfuko mkuu wa wilaya. Mfuko 224 ni ruzuku ya IDEA. Linganisheni miaka mitatu. Kama 199 chini ya 23 imeshuka wakati watoto wameongezeka, ulizeni kwa nini. Ulizeni pia ni nafasi ngapi za wataalamu wa tiba ya usemi zilizotengewa mshahara na hazina mtu, kwa sababu fedha iliyo kwenye bajeti bila mtu wa kuifanyia kazi haimfikii mtoto.

Msikae mkisubiri mwaliko wa kuuliza maswali haya. Kila wilaya hufanya kikao cha hadhara kabla ya kupitisha bajeti, mwezi Juni kwa zinazoanza mwaka wa fedha Julai 1, na kabla ya mwisho wa Agosti kwa zinazoanza Septemba 1. Mzazi yeyote ana haki ya kusimama na kusema. Ombeni mkalimani siku kadhaa kabla, kwa maandishi, na mbaki na nakala.