Adui Aliye Chini ya Migomba
(Hotuba kwa wakulima wa migomba)

Nataka kusema nanyi habari za adui asiyeonekana kwa macho.

Mara nyingi upepo uvumapo, mgomba wenye mkungu mzito hung'oka na kuanguka kabla ndizi hazijakomaa. Mwenyewe husema, "Ni upepo." Lakini jirani yake amepigwa na upepo ule ule, na migomba yake imesimama. Basi upepo pekee si sababu. Twaeni mzizi wa mgomba ulioanguka, mkaupasue kwa urefu. Mkiona ndani mabaka mekundu yanayogeuka kuwa meusi, jueni ni kazi ya minyoo.

Minyoo hiyo haifikii urefu wa milimita 1. Aina iliyo mbaya kuliko zote ilielezwa na mtaalamu Cobb mwaka 1893, kutoka mizizi ya migomba ya Fiji. Hiyo hupenda joto. Lakini katika nchi za juu, kama Kilimanjaro, yuko ndugu yake avumiliaye baridi. Mnyoo huingia mzizini, hula ndani yake, hutaga mayai humo, na mzizi huoza.

Mnyoo hauwezi kwenda mbali wenyewe; sisi ndio tuubebao. Mtu hupewa chipukizi na rafiki yake, hushukuru, hupanda. Kumbe amepanda na minyoo.

Sasa sikilizeni dawa yake. Kwanza, kateni mizizi yote ya chipukizi, mkamenye tunguu lake kwa kisu mpaka liwe jeupe kote. Likizidi kuonyesha mabaka, litupeni. Pili, litieni katika maji yanayochemka, mhesabu nukta 30, kisha mlitoe upesi lisije likaiva. Tatu, msilipande mahali palipong'olewa mgomba mgonjwa. Pandeni hapo mihogo au viazi vitamu kwanza, maana mnyoo ule wa Fiji haustawi humo. Samadi na majani ya kufunika udongo hayaui minyoo, lakini huipa mizizi nguvu.

Kazi hii haitaki fedha, ila kisu, chungu na kuni. Walimu, pandeni katika shamba la shule safu mbili, moja ya machipukizi yaliyotiwa maji ya moto, nyingine yasiyotiwa, watoto wahesabu migomba itakayoanguka. Nanyi wazee, mkimpa jirani chipukizi, mpeni lililomenywa. Zawadi njema haileti njaa nyumbani mwa mtu.