Tangi la Petroli Likivuja Mtumbwini



Leo tuongee juu ya tangi la petroli. Wengi wetu hapa Ziwa Viktoria tunatumia mashine za kupachika nyuma ya mtumbwi. Tangi lake ni la kubeba kwa mkono, nasi huliweka ndani ya mtumbwi, karibu na miguu yetu. Likivuja tunapata hasara mbili. Ya kwanza ni ya fedha. Ya pili ni ya uhai.

Tuanze na fedha. Bandu bandu huisha gogo. Kinga kikombe pale panapovuja. Ukipata robo lita kwa saa moja, basi kwa saa 24 utapoteza lita 6. Bei ya petroli katika mwalo wako unaijua. Chukua kalamu, upige hesabu mwenyewe.

Sasa uhai. Petroli hutoa mvuke hata wakati wa baridi. Mvuke huo hauonekani kwa macho, tena ni mzito kuliko hewa. Moshi wa jikoni hupanda juu, lakini mvuke wa petroli hushuka chini na kujikusanya kwenye ngama, chini ya mbao tunazokanyaga. Hapo unangoja moto tu. Njiti ya kiberiti, sigara, karabai ya kuvulia dagaa, au cheche ya waya wa betri inatosha. Na katikati ya ziwa mtu atakimbilia wapi?

Kwa hiyo ukisikia harufu ya petroli, usiseme, "Aa, ndiyo kawaida ya mashine." Zima mashine, na zima kila moto. Acha upepo upite. Mafuta yaliyomwagika yafute kwa tambara. Tusiyamwage ziwani, maana maji hayo ndiyo tunayokunywa. Usiwashe tena kabla ya kujua mafuta yanatoka wapi.

Je, ni tangi au ni mpira wa mafuta? Toa vyote nje ya mtumbwi. Viweke penye kivuli na upepo, mbali na majiko ya kukaangia samaki. Futa kila kitu kwa tambara kavu. Kisha fuata hatua hizi:

1. Weka tangi juu ya katoni kavu, ulifunge, uliache limetulia. Doa likitokea kwenye katoni, tangi lenyewe limetoboka. Petroli hukauka upesi, lakini oili tuliyoichanganya nayo huacha alama.

2. Kama katoni ni kavu, fungua skrubu ya hewa iliyo kwenye kifuniko, kisha bonyeza ile pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira. Mafuta yakitoka sasa, ubovu uko kwenye mpira, kwenye vibanio, au pale mpira unapoungana na tangi au mashine.

3. Kama huvuja wakati wa mawimbi tu, tangi linapolala upande, tazama ringi ya mpira iliyo ndani ya kifuniko. Huenda imekauka au imekatika.

Ukitaka kuona mahali penyewe hasa, paka chaki. Panapovuja, chaki italowa na kubadilika rangi.

Haya, tutengenezeje? Mpira wa mafuta uliopasuka usiufunge kwa uzi. Nunua mwingine, wa petroli. Mpira wa maji hulainika ukaharibika. Tangi la plastiki lililopasuka libadilishe, kwani gundi haishiki vizuri juu yake.

Tangi la bati lenye tundu dogo linatengenezeka. Toa mafuta yote. Sugua kwa msasa wa mkono mpaka bati ling'ae, kisha likaushe. Paka gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Usinunue kwa kuangalia rangi ya boksi. Soma maandishi yake, uone kama inahimili petroli na kama inataka saa ngapi kukauka. Ndiyo faida ya kujua kusoma. Kiraka cha tyubu ya baiskeli hakifai, kwani petroli huyeyusha solusheni yake.

Ukiwa majini, sukumia kipande kikavu cha sabuni ya mche kwenye tundu. Petroli haiyeyushi sabuni upesi. Lakini hiyo ni ya kukufikisha nchi kavu tu. Na kama kutu imekula mahali pengi, tangi hilo limekwisha. Tusilidai tena kazi.

Sasa neno kubwa kuliko yote. Msipeleke tangi la petroli kwa fundi wa kuchomelea! Mtu atasema, "Lakini ni tupu." Ndugu zangu, tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Lililojaa halina nafasi ya hewa. Lililo tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ukiguswa na moto hulipuka kama bomu. Kulisuuza kwa maji na sabuni hakutoshi, maana petroli hubaki kwenye mikunjo ya bati. Tangi jipya ni ghali, lakini linanunulika. Fundi akipoteza uhai, nani atamnunulia mwingine?

Basi tukubaliane hivi: kila siku kabla ya kusukuma mtumbwi majini, tupapase tangi, mpira na kifuniko. Ni kazi ya dakika chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.