Chakula cha Bakteria wa Utumbo: Kinachobaki Mashineni

Ndugu wapishi wa shule na mama lishe,

Utumbo mpana umejaa matrilioni ya bakteria, na wengi wao wanatufaa. Prebiotiki ni chakula chao. Ni zile sehemu za mlo ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya, zikateremka zikiwa nzima. Bakteria huzichachusha na kutoa asidi, mojawapo butirati, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Hata maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zinalisha bakteria wake.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Baadhi ya waliozoea vyakula vya asili vya kijijini walipewa mlo wa kisasa wa viwandani kwa wiki mbili, na baadhi ya wa mjini wakapewa ndizi, maharage, ulezi na mboga za majani. Damu ya kundi la kwanza ilionyesha uvimbe wa ndani ukipanda na kinga ikilegea. Kundi la pili uvimbe ukapungua. Siwezi kudai kwamba prebiotiki pekee ndizo zilizoleta tofauti hiyo, kwani mlo mzima ulibadilika. Lakini mabadiliko hayo yalionekana ndani ya wiki mbili tu, na hilo linanipa moyo.

Sasa twende mashineni. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini hutoka kama pumba, pumba zinapelekwa kwa kuku na ng'ombe, nasi tunabeba sembe nyeupe. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopoteza zaidi, maana ugali unaliwa kila siku. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, hubakiza ganda na kiini pamoja na makapimlo yake, yaani nyuzinyuzi zinazolisha bakteria. Ila dona inataka uangalifu: sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi yakaushwe vizuri, na yaliyovunda, kuliwa na wadudu au kubadilika rangi yatolewe kabla ya kusaga. Unga wenyewe hauwekeki muda mrefu, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha. Sagisheni kidogo kidogo.

Vyakula vingine vyenye prebiotiki mnavyo tayari: kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, kunde, mbaazi. Ndizi mbichi ina wanga sugu, yaani wanga ambao utumbo mwembamba hauwezi kuumeng'enya. Ukiipika mwingi unalainika, ikipoa sehemu yake hurudi. Viazi na wali ni hivyo hivyo. Kiporo cha wali, hata hivyo, kisilale sufuriani jikoni: kitandazwe kipoe haraka, kiwekwe kwenye friji, na kipashwe moto sawasawa. Pasipo friji, pika cha kutosha mlo mmoja tu.

Mtu asiyezoea maharage akianza na sahani iliyojaa, tumbo litajaa gesi na ataacha. Aanze na kidogo, aongeze wiki hadi wiki, anywe maji. Kuloweka maharage usiku na kumwaga maji yake hupunguza gesi, ingawa sehemu ya prebiotiki nayo huondoka. Kwa watoto wa shule naona bora tuloweke, mradi wayale. Mwenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara amwone daktari kwanza.

Mtakapogawanyika katika vikundi kujadili haya, naomba kila shule ieleze nani huchambua mahindi yake, na mashine ya jirani inatoza kiasi gani kusaga bila kukoboa.